Kabla ya Kuuza Mtumbwi: Maumivu ya Kano, Mashine ya Mawimbi na Amana ya Mwili

Ulipita mwezi mzima ambao adhana ya Alfajiri katika msikiti wetu hapa Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa, haikutolewa na sauti tuliyoizoea. Adhuhuri muadhini wetu alikuwepo. Alasiri alikuwepo. Magharibi na Isha, ikiwa hakuwa ziwani, alikuwepo pia. Lakini Alfajiri, saa ambayo kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyotutoa vitandani, hakuonekana, na kijana mmoja wa madrasa akawa anashika nafasi yake. Wapo walioanza kunong'ona kwamba mzee amelegea katika dini. Mwenyezi Mungu atusamehe kwa dhana hiyo.

Kamati ya msikiti ilipomtembelea nyumbani, mzee alitueleza jambo ambalo alikuwa amelificha hata kwa watoto wake. Kila anapoamka na kukanyaga chini kwa mara ya kwanza, kisigino chake cha kulia huchoma kana kwamba amekanyaga msumari. Akishatembea kwa muda, maumivu hupungua. Akikaa kitako kwa muda mrefu na kusimama tena, hurejea. "Hatua za mwanzo ndizo zinazonishinda," alisema, "na hatua zangu za mwanzo ni za kwenda msikitini." Mtu huyu huvua usipa usiku, na mchana hulima mihogo mlimani. Hakuwa amelegea katika dini. Alikuwa anaona haya kutambaa kuelekea nyumba ya Mwenyezi Mungu mbele ya majirani.

Wiki chache baadaye familia yake ilifika mbele ya kamati ikiwa na mpango kamili. Mwanawe aliyeko Songea alikuwa amepokea katika simu yake sauti iliyosambazwa kwenye WhatsApp, ikisifu mashine ya mawimbi mshtuko iliyoko Dar es Salaam, ambayo ilidaiwa kuondoa kila maumivu ya kano na misuli bila kisu wala dawa. Familia ilikuwa imepiga hesabu ya nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, na malipo ya tiba yenyewe, ambayo hurudiwa mara kadhaa. Jumla yake ilikaribia thamani ya mtumbwi pamoja na nyavu. Mnunuzi wa mtumbwi alikwisha kupatikana. Walichotuomba ni mfuko wa sadaka wa msikiti ukamilishe kilichopungua.

Tunakiri kwamba tulikuwa karibu kukubali. Nani angemnyima muadhini wake? Ila mwalimu wetu wa madrasa ya wasichana, aliyekuwa amekaa kimya tangu mwanzo wa kikao, aliomba nafasi, akasema: "Shehe, tumeambiwa kwamba mashine inatibu. Je, yupo aliyetuambia baba yetu anaumwa nini?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna mtabibu aliyekuwa ameushika mguu wa mzee yule. Kikao kikaahirishwa. Kamati ikaazimia mambo mawili: mzee apelekwe kwanza kwenye hospitali iliyo karibu akachunguzwe, na katibu afuatilie kwa wataalamu na katika maandishi ya elimu mashine hiyo ni kitu gani. Makala haya yametokana na maazimio hayo. Sisi si matabibu, na tunayoyaandika hayachukui nafasi ya mtabibu. Tumeyaandika kwa sababu tunaamini kwamba kuna nyumba nyingi za Waislamu, ziwani na mlimani, ambako jambo kama hili linazungumzwa usiku huu.

Kamba iliyo hai

Kano ni kamba nyeupe, ngumu, inayouunganisha msuli na mfupa. Mvuvi hahitaji maelezo marefu: msuli ndio mkono unaovuta, mfupa ndio mtumbwi unaovutwa, na kano ndiyo kamba iliyo kati yao. Kamba ikivutwa kila siku kupita kiasi chake, nyuzi zake huanza kufumuka moja moja. Kano nayo ni hivyo. Chini ya unyayo nako kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole na kushikilia upinde wa mguu, nao huchakaa kwa namna inayofanana na hiyo. Maumivu ya hatua za kwanza za asubuhi ndiyo dalili yake mashuhuri.

Lakini kamba ya nailoni ikifumuka haijiungi yenyewe, ilhali kano ni kiungo kilicho hai. Muumba ameijaalia uwezo wa kujijenga upya, ingawa kwa mwendo wa polepole, kwa kuwa damu inayoifikia ni kidogo kuliko ile inayoufikia msuli. Jeraha la ngozi hupona kwa siku. Kano huhesabu miezi. Kutolijua jambo hili ndiko kunakowafanya watu wengi wakate tamaa katika wiki ya tatu na kuanza kutafuta miujiza.

Nani hupatwa na maradhi haya katika nchi yetu ya Nyasa na Mbinga? Hupatwa mvuvi apigaye kafi usiku kucha na kuvuta nyavu zilizolowa maji, ambaye bega lake huuma anapoinua mkono kuvaa kanzu. Hupatwa mama atwangaye, achotaye maji na abebaye kuni, ambaye kiwiko chake humkataza hata kukamua nguo. Hupatwa mkulima wa Umatengo apandaye na kushuka miteremko ya mashamba ya ngoro na ya kahawa, ambaye kano ya nyuma ya kisigino chake huvimba na kukakamaa. Hupatwa pia mtu mzito wa mwili asimamaye kutwa nzima dukani, na mgonjwa wa kisukari, kwa maana kisukari hudhoofisha kano. Si maradhi ya wanamichezo peke yao.

Mashine ya mawimbi ni nini?

Jina lake limewatia hofu wengi, wakidhani kwamba mgonjwa hupigwa shoti ya umeme. Sivyo. Mshtuko unaotajwa ni wa mgandamizo, kama ule unaosikika kifuani radi inapopasuka karibu. Wimbi hilo husafiri ndani ya mwili, kama vile wimbi la ziwa linavyosafiri kutoka mbali na kuachilia nguvu yake linapokutana na mwamba.

Asili ya tiba hii ni Ujerumani, nayo haikuanza kwa ajili ya kano. Wahandisi wa kampuni ya Dornier, watengenezaji wa ndege, walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege iendayo kasi kuliko sauti, wakabaini kwamba mgongano huo huzaa mawimbi yanayopenya ndani ya kitu kigumu. Kutokana na elimu hiyo ilitengenezwa mashine ya kuvunja mawe ya figo bila upasuaji, na mnamo Februari 1980, mjini Munich, daktari Christian Chaussy na wenzake walimtibu kwayo mgonjwa wa kwanza. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Ulaya walianza kuelekeza mawimbi yenye nguvu ndogo zaidi kwenye mabega yenye chembe za chokaa, viwiko na visigino. Mwezi Oktoba 2000 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hii kwa ajili ya maumivu sugu ya kisigino.

Zipo aina mbili. Ya kwanza hukusanya mawimbi mahali pamoja ndani ya mwili, kama kioo cha kukuzia kinavyokusanya mwanga wa jua. Hufika chini zaidi, na bei yake ni kubwa. Ya pili hufanana na bastola: hewa iliyogandamizwa hurusha kipande kidogo cha chuma ndani ya mpini, nacho hugonga kichwa cha kifaa kilichowekwa juu ya ngozi. Mgandamizo wake husambaa, na nguvu yake hupungua kadiri unavyoingia ndani. Mtu aelekeaye kulipa ana haki ya kuuliza atatibiwa kwa ipi.

Tiba yenyewe huchukua dakika chache. Mtaalamu hutafuta sehemu iumayo, hupaka mafuta mazito ya kupitisha mawimbi, kisha hupiga mapigo ambayo mara nyingi hufikia 2,000 kwa kikao kimoja. Kwa kawaida vikao ni vitatu hadi vitano, vikitenganishwa kwa wiki moja hivi. Huuma wakati wa kupigwa, na ngozi yaweza kuwa nyekundu au kuvilia damu kwa siku chache. Inadhaniwa kwamba mapigo hayo huamsha upya kazi ya ukarabati katika kano iliyolala, huvuta mishipa midogo ya damu na kupunguza ukali wa mishipa ya fahamu. Kwa hiyo nafuu, ikija, huja baada ya wiki kadhaa na hata miezi mitatu. Anayeahidi kwamba mgonjwa atainuka kitandani akiwa mzima hasemi kweli.

Utafiti unasemaje?

Hapa ndipo tulipotakiwa kuwa waadilifu, tusiisifu mashine kupita haki yake wala tusiinyime haki yake.

Kwa maumivu sugu ya kisigino, tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba mashine husaidia baadhi ya wagonjwa ambao tiba nyingine hazikuwafaa. Hata hivyo, taasisi ya taifa ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ilipolitazama suala hili mwaka 2009, ilisema kwamba haikuona hatari kubwa katika tiba hiyo, ila ushahidi wa manufaa yake haulingani, na kwamba mgonjwa aelezwe hivyo kabla ya kuanza. Kwa maumivu ya kano za bega, wanazuoni wa mtandao wa Cochrane walikusanya mwaka 2020 tafiti 32 zenye washiriki zaidi ya 2,000, wakahitimisha kwamba manufaa yenye uzito kwa mgonjwa ni machache. Kwa kano ya nyuma ya kisigino, daktari Jan-Dirk Rompe wa Ujerumani na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti wa wagonjwa 68: waliopata mazoezi pamoja na mashine walipata nafuu kubwa zaidi baada ya miezi minne kuliko waliopata mazoezi peke yake.

Msomaji aliangalie vema jambo hilo la mwisho. Mashine ilisaidia ikiwa pamoja na mazoezi. Haikuwekwa badala yake. Katika karibu kila mwongozo tuliousoma, mazoezi na kupunguza mzigo hutangulia, na mashine hufuata baada ya miezi kadhaa ya juhudi isiyozaa matunda. Familia ya muadhini wetu ilikuwa tayari kuuza mtumbwi ili kuanza na hatua ya pili, nayo ya kwanza haijaguswa.

Kuna pia wasiostahili mashine hii. Mjamzito asitibiwe nayo. Haielekezwi kwenye mapafu, wala kwenye ncha za mifupa ya mtoto anayekua, wala mahali penye saratani au usaha. Mwenye maradhi ya damu isiyoganda, au atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, wamweleze mtaalamu kabla hajawasha chochote. Na aliyechomwa sindano ya steroidi mahali hapo karibuni aseme pia.

Dawa isiyouzwa

Mzee alipochunguzwa hospitalini, tabibu alibonyeza mahali pamoja chini ya kisigino, akamkunja vidole kwa juu, akauliza maswali, akapima sukari. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Aliambiwa kwamba ni utando wa unyayo uliochakaa, kwamba wagonjwa walio wengi wa maradhi haya hupata nafuu ndani ya mwaka bila upasuaji, na kwamba dawa yake kubwa ataibeba mwenyewe. Akaelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye alimfundisha mambo matatu.

La kwanza ni la kitandani. Kabla ya kushusha mguu asubuhi, mzee huupandisha juu ya goti la pili, hushika vidole na kuvivuta kuelekea ugoko hadi unyayo ukazike, huhesabu hadi kumi, huachia. Hurudia mara kumi. Hufanya hivyo mara tatu kwa siku, na mara ya kwanza ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu hutangulia ile hatua ya kwanza.

La pili ni la ngazi. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark waliokuwa na wagonjwa 48 wa kisigino walionyesha kwamba waliofanya zoezi la kuinua kisigino kwa uzito walikuwa na hali bora baada ya miezi mitatu kuliko waliojinyoosha tu, ingawa kufikia mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Zoezi lenyewe halihitaji shilingi. Mtu husimama kwenye kidato kwa nusu ya mbele ya mguu, vidole vikiwa juu ya taulo lililoviringishwa. Hupanda kwa hesabu ya tatu, hukaa juu kwa hesabu ya mbili, hushuka kwa hesabu ya tatu. Hufanya mara kumi na mbili, hupumzika, hurudia hadi mizunguko mitatu, siku moja baada ya nyingine. Asiyeweza kwa mguu mmoja huanza kwa miwili.

La tatu ni kupunguza mzigo bila kujilaza. Mzee aliacha kandambili zilizochakaa na kuvaa viatu vyenye soli nene, akamwachia kijana wake safari za mlimani kwa miezi miwili, lakini hakuacha kutembea wala kuvua. Kano isiyotumika kabisa hudhoofu.

Kwa wenye kuumwa kano ya nyuma ya kisigino ipo habari mashuhuri ya daktari Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden, ambaye naye aliumwa kano hiyo akanyimwa upasuaji. Akaamua kuitwisha mzigo kwa makusudi, akitaraji iharibike zaidi ili apasuliwe. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 waliokuwa wakisubiri upasuaji: walishusha kisigino polepole kwenye ngazi mara 180 kwa siku kwa wiki 12, na wote 15 wakarudi kukimbia. Mgonjwa wa kwetu asijitwishe mzigo huo bila kuelekezwa, lakini habari hii inaonyesha jinsi Muumba alivyoiwekea kano uwezo wa kujibu mzigo uliopimwa.

Kidato alichokitumia muadhini wetu ni kile cha mlango wa msikiti. Kila baada ya Alasiri, siku ya zamu yake, alisimama pale na taulo lake, na vijana wa madrasa wakawa wanamhesabia kwa Kiarabu, wahid, ithnayni, thalatha. Wiki nne za kwanza hakuona tofauti yoyote, na siku moja alilitupa taulo akasema amechoka kuchezewa. Tulimkumbusha hesabu ya miezi. Akaliokota.

Vidonge, sindano na chuku

Kabla ya yote hayo mzee alikuwa akinunua vidonge vya diklofenaki dukani kama mtu anunuavyo chumvi. Tunawausia wasomaji: dawa hizi hutuliza maumivu kwa muda lakini hazijengi kano, na zikitumiwa kwa miezi bila usimamizi huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Sindano ya steroidi nayo huleta nafuu ya haraka, lakini ikirudiwarudiwa huweza kudhoofisha kano hata ikatike. Na wachache wanajua kwamba siprofloksasini, dawa inayonunuliwa ovyo kwa ajili ya tumbo na mkojo, imehusishwa na kuumia na kukatika kwa kano, hasa kwa watu wa umri wa zaidi ya miaka 60.

Kuhusu chuku, yaani hijama, hatusemi neno la kuidharau, kwani Mtume wetu (s.a.w.) aliitumia na kuisifu. Tunasema tu kwamba ifanywe na mjuzi kwa wembe mpya na vikombe safi, maana virusi vya homa ya ini na Ukimwi hupita katika wembe wa kushirikiana. Na kwamba aliyepigwa chuku bado anahitaji kuchunguzwa.

Yapo pia maumivu ambayo hayapaswi kusubiri zoezi lolote. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu kufa ganzi, au mkojo kushindikana, ni dharura. Kiungo cha mtoto kilichovimba na kuwaka moto kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kano iliyolia ghafla kama ufito unaovunjika, na mguu ukakosa nguvu, nayo ni hivyo hivyo.

Ibada ya mwenye maumivu

Lililotuuma zaidi katika mkasa huu ni kwamba mzee alijificha. Tulijiuliza: ni sisi tuliomfundisha kuona haya? Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) hakuna jambo lililo wazi kama ruhusa ya mgonjwa. Alimwelekeza Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, na akishindwa akae, na akishindwa alale ubavu. Yeye mwenyewe alipoanguka kutoka juu ya farasi na kuumia, aliswali hali ya kuwa amekaa. Basi ambaye kikao cha tahiyatu kinamtonesha unyayo au goti na akae namna anayoiweza, na asiyeweza kukaa chini aletewe kiti. Tangu siku ile msikiti wetu una viti vitatu mwishoni mwa safu, na hakuna anayewatazama wanaovikalia.

Dada na mama zetu wameuliza juu ya sitara, kwa kuwa bega na nyonga haziguswi bila kufunuliwa. Atafutwe mtaalamu wa kike kwanza. Asipopatikana, haja ya tiba huruhusu kile kinachohitajika tu, kwa kiasi chake, na awepo mahramu au mwanamke mwingine chumbani. Kumwacha mama na bega lililoganda mwaka mzima kwa kisingizio cha haya si katika uchamungu.

Mashine ikihitajika

Hatusemi kwamba hakuna atakayeihitaji. Ambaye amefanya mazoezi kwa uaminifu kwa miezi mitatu hadi sita na bado anateseka, na mtabibu akaona inamfaa, ana haki ya kusaidiwa kuifikia, na msikiti una wajibu wa kumsaidia. Nchi yetu ina wataalamu: hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikifundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo mingi, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Aanzie hospitali ya wilaya au ya mkoa, apate barua ya rufaa, na kabla ya kulipa aulize: Ugonjwa wangu unaitwaje? Nani aliuthibitisha? Mashine ni ya aina gani? Vikao vingapi, na nikiacha baada ya vitatu je? Nitafanya mazoezi gani pamoja nayo? Bima yangu inagharamia? Mtaalamu wa kweli hujibu maswali haya bila kukasirika. Anayetaka fedha za vikao kumi siku ya kwanza, kabla hajaugusa mguu, na aachwe na mashine yake.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na ametuamrisha tujitibu. Vilevile ametufundisha kwamba mwili una haki juu yetu na kwamba tutaulizwa juu ya mali, tuliichuma wapi na kuitumia katika nini. Amri hizi hazipingani. Mtumbwi wa familia ni mali ya watoto walao kwao. Hauuzwi kwa sababu ya sauti ya mtu asiyejulikana kwenye simu.

Mzee alirejea kwenye adhana ya Alfajiri katika wiki ya kumi na moja. Hatudai kwamba zoezi peke yake ndilo lililomponya, kwa maana muda nao ni tabibu, na shifaa ni ya Mwenyezi Mungu. Wala hajapona kabisa: akishinda mlimani siku nzima, kesho yake hutembea kwa kuupendelea mguu wa kushoto. Lakini alfajiri ile tulipoisikia sauti yake, wengi wetu tulikaa kitandani kidogo tukiisikiliza kabla ya kuinuka kutia udhu. Mtumbwi wake bado uko ufukweni, na usiku unatoka kwenda kuvua usipa. Fedha za sadaka tulizokuwa tayari kumpa zimebaki katika mfuko, zikimngoja yule ambaye hatua ya kwanza haitamtosha.